Upande wa Wenzao

Folda ilikuwa na faili mbili tu za santuri ambayo bendi mbili zilikuwa zikijiandaa kuitoa kwa pamoja, moja ikiitwa UPANDE_A na nyingine UPANDE_B, pamoja na ujumbe mfupi kutoka kwa mpiga gita ninayefahamiana naye kwa muda mrefu: "Kaka, sikiliza pande zote mbili kwa mfululizo, usiguse kitufe cha sauti, kisha uniambie kama tuwaombe wenzetu wapandishe yao."

Upande A ulikuwa wa bendi yake. Nyimbo tatu za dethi metali, tawi kali la muziki wa hevi metali, jumla dakika nne na ushei, zilizorekodiwa studio na mtu anayeijua kazi yake: kila ngoma imewekewa maikrofoni yake, besi inagonga kifuani, na mwimbaji ananguruma mbele kabisa ya kila kitu. Upande B ulikuwa wa bendi ya blaki metali, tawi lingine la muziki huo, kutoka nchi nyingine, wimbo mmoja wa karibu dakika saba, uliorekodiwa katika chumba cha mazoezi. Matoazi yametapakaa kila mahali, gita zinavuma kama mzinga wa nyuki uliotikiswa, na sauti ya mwimbaji inatoka mbali, nyuma ya ukuta wa kelele.

Tofauti ya ukubwa wa sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba upande wa pili ulipoanza, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kitufe.

Nikaurudisha. Swali lake lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu nilihisi kwamba halikuwa swali la sauti peke yake.

Kwa nini wagawane

Wanaofuatilia metali ya chini kwa chini hawahitaji kuelezwa toleo la pamoja ni nini: santuri au kanda moja ambayo bendi mbili zinagawana, kila moja na upande wake. Sababu za kifedha nazo zinajulikana: katika utengenezaji wa santuri, gharama nzito iko mwanzoni, kwenye kuchonga mfuo, yaani mstari unaofuatwa na sindano, na kutengeneza mihuri ya chuma ya kuchapia nakala, kwa hiyo bendi mbili zinazochapa nakala 300 kwa pamoja hubeba mzigo ambao kila moja peke yake ungeielemea. Mara nyingi hakuna anayelipwa fedha. Lebo, yaani kampuni inayotoa muziki, huzipa bendi sehemu ya nakala, bendi huziuza kwenye maonyesho au kuzibadilisha na nakala za wenzao, na hesabu inaishia hapo.

Hata hivyo, fedha hazielezi kwa nini mtindo huu uliota mizizi zaidi katika metali kali na panki kuliko kwingine. Nadhani sababu iko katika zama za kubadilishana kanda kwa posta, miaka ya 1980, watu walipopaka gundi au sabuni juu ya stempu ili mhuri wa posta ufutike na stempu itumike tena, na kila bahasha ikabeba vipeperushi vya bendi nyingine tano. Muziki ulisafiri kwa mkono wa mtu aliyekuamini. Kanda yenye demo, yaani rekodi ya majaribio, ya bendi moja upande mmoja na ya bendi nyingine upande wa pili ilikuwa jambo la kawaida, na aliyeipokea kwa ajili ya bendi ya kwanza aliikuta ya pili imo mlemle, tayari kusikilizwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Belo Horizonte, Brazili. Mwaka 1985 Cogumelo, duka la santuri lililokuwa limegeuka kuwa lebo, lilitoa santuri moja yenye bendi mbili: Sepultura kwa upande mmoja, na rekodi yao ya kwanza kabisa, *Bestial Devastation*, Overdose kwa upande mwingine, na *Século XX*. Santuri ilipotoka, Igor Cavalera, mpiga ngoma wa Sepultura, alikuwa na umri wa miaka 15. Sepultura waliimba kwa Kiingereza, haraka, kwa fujo, na gita ambazo haziko mbali sana na kelele tupu. Overdose waliimba kwa Kireno, nyimbo tatu zenye sauti za juu na gita zinazopokezana kwa nidhamu, karibu zaidi na hevi metali ya zamani.

Ukiigeuza santuri hiyo unahama kabisa. Na hakuna aliyejaribu kuifanya safari hiyo iwe laini.

Mfuo na sindano

Kabla ya kumjibu rafiki yangu nilitaka kuwa na hakika na mambo ya kiufundi, kwa sababu ombi lake lilionekana jepesi, na katika santuri ya inchi 7 kama hiyo yao hakuna jepesi.

Sauti kwenye santuri ni mawimbi yaliyochongwa kwenye mfuo. Sauti ikiwa kubwa, hasa ya besi, wimbi linapanuka na mfuo unahitaji nafasi zaidi kila upande. Nafasi ni ile ile siku zote. Kwa hiyo dakika na ukubwa wa sauti vinagombania plastiki moja: upande wa dakika nne unaweza kuchongwa kwa sauti kubwa, ilhali upande wa dakika saba kwa kasi hiyo hiyo lazima upunguziwe sauti, au upunguziwe besi, au vyote viwili. Hata kama faili hizo mbili zingekuwa na ukubwa sawa kabisa kwenye kompyuta, wimbo mrefu ungetoka mdogo zaidi kwenye santuri. Hilo halitegemei ufundi wala nia njema ya mtu yeyote.

Kuna jambo la pili, ambalo linaiumiza blaki metali kuliko aina nyingine. Santuri huzunguka kwa kasi moja, lakini mduara wa mfuo unazidi kuwa mdogo kadiri sindano inavyoelekea katikati. Kwa santuri ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika, mfuo hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 40 kwa sekunde mwanzoni, na karibu na kibandiko cha katikati kasi hiyo huwa imeshuka hadi takriban sentimita 25. Sauti nyembamba za juu, kama matoazi na gita zenye mikwaruzo, zinabanwa katika nafasi fupi zaidi, na sindano huanza kushindwa kuzifuata. Huo wimbo wa upande B ulikuwa umejaa matoazi na mikwaruzo kutoka sekunde ya kwanza.

Kwa maneno mengine, kuwaambia wapandishe sauti kungewaletea madhara ambayo upande A haungeyapata. Wangepata sauti kubwa katika faili, kisha mchongaji angeishusha tena, na kilichobaki kingekuwa wimbo uliobanwa mara mbili: mara ya kwanza na programu ya kumasta, yaani ya kuikamilisha sauti kabla ya kuchapwa, mara ya pili na santuri yenyewe.

Huduma za kusikiliza muziki kupitia intaneti nazo zina utaratibu wao wa kusawazisha sauti. Spotify, kwa mfano, kwa kawaida hulenga kiwango cha takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), lakini ukisikiliza albamu nzima kwa mpangilio wake huongeza au kupunguza albamu yote kwa kipimo kimoja, kwa hiyo tofauti kati ya wimbo na wimbo hubaki kama ilivyo. Hata huko, basi, upande B ungebaki chini ya upande A.

Scum, kwa masikio mengine

Mambo ya kiufundi yalinipa hoja, lakini hayakunipa msimamo. Ningeweza kumwambia rafiki yangu kwamba kupandisha sauti ni vibaya kwa sababu za kimaumbile, naye angekubali, na bado tusingelikuwa tumelijibu swali lililokuwa chini yake: je, toleo la pamoja linatakiwa kusikika kama kitu kimoja?

Jibu lilinijia nilipokuwa nikisikiliza *Scum* ya bendi ya Napalm Death, albamu ya mwaka 1987 ambayo nimeisikiliza tangu ujana. Wengi wanajua kwamba pande zake mbili zilirekodiwa na watu tofauti. Upande A, Agosti 1986, una Nik Bullen, Justin Broadrick na Mick Harris. Upande B, Mei 1987, una Lee Dorrian, Bill Steer, Jim Whitely na Mick Harris yule yule kwenye ngoma. Mpiga ngoma peke yake ndiye aliyevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Lisilotajwa mara kwa mara ni kwamba rekodi ya upande A ilikusudiwa kwanza kuwa nusu ya toleo la pamoja na bendi ya Atavistic. Mpango huo haukutimia, na nusu hiyo ikangoja hadi bendi yenyewe ikawa bendi nyingine na kujazia nusu iliyobaki.

Kwa hiyo mojawapo ya rekodi kuu za graindikoa, mchanganyiko wa metali na panki wenye kasi kupita kiasi, ni toleo la pamoja ambalo bendi ililifanya na nafsi yake.

Niliisikiliza tena nikiwa na sikio la mtu anayetafuta mshono. Upo, wazi kabisa. Upande A una uzito wa chini, gita nene, mapigo ambayo wakati mwingine yanapunguza mwendo hadi yanaburuta. Upande B ni mwembamba zaidi, wa haraka zaidi, na waimbaji wanapokezana mngurumo na yowe. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba albamu hiyo ina kasoro kwa sababu nusu zake hazifanani. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya msikilizaji asikie mwaka mzima ukipita kati ya pande hizo mbili, na muziki wenyewe ukibadilika mikononi mwa watu.

Baada ya hapo nilirudi kwenye matoleo mengine niliyonayo na kuyasikiliza kwa namna hiyo. Emperor na Enslaved, ambao lebo ya Candlelight iliwatoa katika toleo moja mwaka 1993: upande mmoja vinanda vinavyofunika kila kitu na haraka isiyopumzika, upande mwingine nyimbo ndefu zinazojipa muda wa kutembea. Vlad Tepes na Belketre wa Ufaransa, *March to the Black Holocaust* ya mwaka 1995, rekodi mbovu kwa makusudi, na kila bendi mbovu kwa njia yake. Kisha *Thorns vs. Emperor* ya mwaka 1999, ambako bendi hizo mbili zilifika mahali ambapo chache hufika: kila moja ilicheza pia muziki wa mwenzake. Hapo unasikia wimbo wa Thorns ukiwa na mwili wa Emperor, na wa Emperor ukiwa umegandishwa na ubaridi wa Thorns, na unatambua bendi ni nini hasa pale inapokuwa nyumbani kwa mwingine.

Hicho ndicho ninachokiamini sasa. Bendi ikitoa albamu yake peke yake, inajipimia kwa kipimo chake yenyewe. Ikikubali kugawana santuri, inakubali kusikilizwa mara tu baada ya mtu mwingine au mara tu kabla yake, na kila uamuzi wake, wa kasi, wa sauti, wa studio au chumba cha mazoezi, unaonekana kwa sababu kando yake upo uamuzi mwingine. Ukizisawazisha pande mbili hadi zifanane, umeondoa kile kilichowafanya wagawane.

Nilimwandikia: waacheni walivyo.

Kumdhamini mtu

Alijibu haraka, akakubali, kisha akaleta jambo ambalo sikulitarajia. Mpiga besi wao alikuwa amepata wasiwasi. Alikuwa amesikia kwamba mwanachama wa zamani wa ile bendi nyingine aliwahi kupiga gita katika kundi lenye itikadi ya ubaguzi wa rangi, na hakutaka jina lao liwe kwenye karatasi moja na jina la namna hiyo.

Kila anayeipenda blaki metali anajua kwamba tangu miaka ya 1990 ina tawi la Wanazi wanaojitangaza hadharani, na lingine kubwa zaidi la watu wanaozungumza kwa mafumbo ili waweze kukana baadaye. Najua pia jibu ambalo limezoeleka: sisi tunasikiliza muziki tu. Sikubaliani nalo hata katika albamu ya bendi moja, lakini katika toleo la pamoja halina hata pa kusimamia. Ukigawana santuri na mtu umempeleka kwa wasikilizaji wako na kuwaambia wamsikilize. Ikiwa upande wa pili unafundisha chuki, wewe ndiye uliyefungua mlango, na fedha za kila nakala uliyouza ziliuchapa upande huo pia.

Nilimshauri afanye kitu ambacho katika ulimwengu huu kinaonekana kama ukosefu wa adabu: awaulize moja kwa moja, na awaombe maneno ya wimbo wao. Blaki metali ina desturi ya kutochapisha maneno, na desturi hiyo ina uzuri wake, lakini mtu unayegawana naye santuri ana haki ya kuyasoma.

Walijibu bila kuchukizwa. Mwanachama yule waliachana naye kwa sababu hiyo hiyo, tena kabla hata ya bendi kurekodi chochote, na walieleza kwa urefu jinsi ilivyokuwa. Maneno ya wimbo yalikuwa yanahusu mto unaokauka. Mpiga besi aliridhika, nami nilijiuliza ni matoleo mangapi kwenye rafu yangu yalifanywa na watu ambao hawakuthubutu kuuliza swali hilo.

Mengi, nadhani.

Kasi mbili

Lilikuwa limebaki suala la plastiki. Kuwaacha walivyo ni msimamo mzuri, lakini wimbo wa dakika saba kwenye upande wa inchi 7 unaozunguka mara 45 ungeweza kusikika mdogo hadi kero, na sikutaka heshima tuliyowapa igeuke kuwa adhabu.

Mchongaji ndiye aliyependekeza kwamba upande A uzunguke mara 45 na upande B mara 33⅓. Jambo hili limewahi kufanyika katika matoleo ya pamoja, ingawa si mara nyingi, na msikilizaji hulazimika kubadili kasi anapogeuza santuri. Kwa kasi ndogo wimbo mrefu unapata nafasi ya mfuo, hivyo sauti na besi zinaweza kubaki. Gharama yake ni sauti za juu: kwa kasi hiyo mfuo huanzia takriban sentimita 29 kwa sekunde badala ya 40, na huishia karibu 19, kwa hiyo matoazi yangepoteza makali kiasi.

Bendi ya upande B ililifikiria kwa siku kadhaa. Kilichowaamulia ni umbo la wimbo wenyewe. Dakika ya mwisho ngoma zinanyamaza, matoazi yanakwisha, na linabaki gita moja likipiga noti za chini polepole, na hiyo ndiyo sehemu ambayo ingeangukia mfuo wa ndani kabisa, mahali ambapo sindano haziwezi sauti za juu lakini za chini zinapita bila shida. Sikujua kama waliutunga wimbo hivyo kwa kujua. Walisema hapana, lakini walifurahi sana kuligundua.

Karatasi ya jalada nayo ikabadilika. Hakuna tena A wala B. Kila bendi ina uso wake, mmoja kwa kila upande wa jalada, na kwenye vibandiko vya katikati imeandikwa tu "45" na "33". Ukishika vibaya utaanzisha upande mmoja kwa kasi ya mwingine, na kwa sekunde chache dethi metali itakuwa dumu metali, ile metali ya polepole mno, nzito ya kutisha. Sioni ubaya wowote.

Nusu inayobaki nyuma

Sasa tunabishana kuhusu mkataba, na hapa bado sijatulia.

Sepultura walipokuwa maarufu duniani, *Bestial Devastation* ilitolewa upya ikiwa imeunganishwa na albamu yao iliyofuata, *Morbid Visions*. Lilikuwa jambo la haki kabisa. Rekodi ni yao. Lakini upande wa Overdose haukusafiri nayo. Mamilioni ya watu wanajua bendi ya vijana wa Belo Horizonte ilianza vipi, na wengi wao hawajui kwamba ilianza ikiwa imeegemea mgongo wa bendi nyingine. Katika huduma za intaneti hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huko kutenganisha hakuhitaji hata toleo jipya: msikilizaji anabonyeza jina analolijua, wimbo unakwisha, na programu inampeleka kwa bendi ya tatu ambayo haikuhusika. Hakuna cha kugeuza.

Rafiki yangu anapendekeza kipengele kinachosema kwamba kila bendi inamiliki rekodi yake na inaweza kuitoa upya baada ya miaka miwili, ila jalada la toleo hilo jipya litaje jina la bendi nyingine na santuri ya awali. Bendi ya upande wa 33 inataka zaidi: kwamba kwa muda wote pande hizo ziwe kwenye intaneti kama faili mbili nzima, upande kwa upande, bila kukatwa nyimbo nyimbo, ili nyimbo tatu za dethi metali zisiweze kuchomolewa moja moja. Lebo inapinga, ikisema faili za namna hiyo hazipati wasikilizaji, na huenda ni kweli.

Mimi nimewaunga mkono wa 33. Nimemwandikia mwenye lebo sababu zangu kwa urefu, nikamkumbusha Overdose, na nimemwomba aisikilize *Século XX* kabla ya kunijibu.